Karatasi ya Tatu

Jumanne, 4 Novemba

Nimepiga kura saa mbili asubuhi kwenye ukumbi wa kanisa. Baridi inauma, theluji bado. Harlan Odegaard alinitangulia kwenye foleni, akakaa kibandani kama mtu anayeandika wosia. Nikamwambia, "Toka basi, wengine tuna kazi." Akajibu mle mle ndani, "Kazi gani, nawe umestaafu?" Watu wakacheka.

Alhamisi, 6 Novemba

Wamefungana. Haines 269, Ruark 269.

Nimeisikiliza redio mpaka kahawa ikapoa. Kura za wajumbe, wanaomchagua rais kwa niaba ya majimbo, nchi nzima ni 538, na mshindi lazima afikishe 270. Jimbo letu, kwa uchache wa watu wake, lina wajumbe watatu tu. Mmoja wao ni mimi, Adeline Schaible, mjane wa Emil.

Chama kiliniteua Juni, kama shukrani kwa miaka mingi ya kupika kahawa mikutanoni. Mwingine ni Harlan, jirani yangu, mkulima wa ngano, tuliyecheza naye karata kila Alhamisi tangu Emil yu hai. Wa tatu ni Leland Tschetter, daktari wa meno huko mji mkuu wa jimbo, mtu wa miaka arobaini anayeongea na wewe kana kwamba mko elfu. Kazi yetu ilikuwa kwenda mji mkuu mwezi Desemba, kuandika jina la Haines, mgombea wetu aliyeshinda jimboni, kwenye karatasi, kula chakula cha mchana na kurudi nyumbani. Hakuna aliyejua majina yetu. Leo yametajwa redioni, na langu wamelitamka vibaya.

Hapa Dakota kwetu hakuna sheria inayomfunga mjumbe. Tulitoa ahadi, basi. Mmoja wetu akigeuka akamwandika Ruark, Ruark anapata 270 na mambo yamekwisha.

Ijumaa, 7 Novemba

Simu imelia mara kumi na nne. Nimepokea tatu.

Jumapili, 9 Novemba

Barua zinakuja kwa gunia. Mwanamke wa Ohio ananiombea. Mwanamume asiyetaja jina anajua rangi ya mlango wangu. Na Bi Ottilie Maas, ambaye hajanisalimia tangu ugomvi wa kwaya, ameniletea keki ya krimu, kuchen nzima, bado ya moto.

"Nimekukumbuka tu, Adeline."

"Miaka sita hukunikumbuka, Ottilie."

"Mambo mengi," akasema, macho yake yakizunguka jikoni kwangu kama fundi anayepima chumba.

Keki nimeila. Tamu. Lakini mimi nimesimamia mizani ya malori kwenye ghala la ushirika miaka thelathini na moja. Nimeona wazee wa kanisa wakificha mawe chini ya ngano. Mtu akikuletea mzigo kwa tabasamu, upime mara mbili.

Jumatano, 12 Novemba

Bwana Merle Kessel, mwenyekiti wa chama wa wilaya, amekuja na kofia mkononi. Huyu kwa kawaida haivui hata msibani.

Amenieleza hesabu. Kura zikibaki sare, Januari mambo yanakwenda kwenye Baraza la Wawakilishi. Huko hawapigi kura mtu mmoja mmoja. Kila jimbo linapata kura moja, liwe kubwa kama California au dogo kama letu, na wawakilishi wa jimbo wakigawanyika nusu kwa nusu, kura yao inapotea. Majimbo ni hamsini, anayetakiwa apate ishirini na sita.

"Sisi tuna mangapi?" nikauliza.

"Tuko vizuri," akasema. Hakutaja namba. Kisha akasogeza kiti. "Bi Adeline, wewe nakuamini kama mama yangu. Tschetter namwamini. Ni Harlan."

"Harlan ana nini?"

"Ana nini, ndilo swali. Anapotea nyumbani. Watu wa Ruark wanazunguka jimbo zima. Ninyi mko karibu. Mwangalie tu. Ukiona kitu, niambie."

Nikamwambia Harlan ni mtu safi. Akasema, "Ndiyo maana nakuomba wewe. Wewe utamsafisha."

Alhamisi, 13 Novemba

Theluji ya kwanza. Harlan amepiga simu, haji kucheza karata. Anasema amechoka. Katika miaka ishirini hajawahi kuchoka Alhamisi.

Jumatatu, 17 Novemba

Theluji. Barua themanini.

Alhamisi, 20 Novemba

Leo tena haji. "Ng'ombe anaumwa," amesema. Nikamuuliza yupi. Akasita. "Yule mweusi."

Saa nne nilikuwa dirishani (sikukaa hapo kwa makusudi, nilikuwa napangusa vumbi). Gari la buluu, sijawahi kuliona, likasimama kwake. Harlan akatoka amevaa koti la kanisani. Aliyekuwa akiendesha akashuka, akamshika mkono, akamfungulia mlango kama anavyofunguliwa waziri. Wakaelekea mjini. Walirudi jioni.

Hakuna anayevaa koti la kanisani kwa ajili ya ng'ombe.

Ijumaa, 21 Novemba

Nimemwambia Kessel. Gari la buluu, koti, kushikwa mkono. Akaniuliza namba ya gari, nikampa, kwa kuwa nilikuwa nimeiandika. Akasema, "Mungu akubariki." Nilipoweka simu nilinawa mikono, sijui kwa nini.

Alhamisi, 27 Novemba

Sikukuu ya Shukrani. Binti yangu Joyce amekuja kutoka Minneapolis na bata mzinga mkubwa kuliko oveni yangu. Yeye ni wa Ruark, mumewe ni wa Ruark, hata mbwa wao nadhani ni wa Ruark. Tulikubaliana tusiongee siasa. Tulivumilia mpaka viazi.

"Mama, sikuombi ugeuke."

"Vizuri."

"Nauliza tu, wewe binafsi, Haines unampenda?"

"Simpendi, simchukii. Nimeahidi."

"Na Mzee Harlan?"

Nikamweleza niliyoyaona. Akasema, "Umeenda kumuuliza?"

"Mtu mwenye hila humuulizi. Unampima."

"Yeye ni lori, Mama?"

Nilimwongezea viazi.

Jumapili, 30 Novemba

Maneno yametoka. Sikuyatoa mimi, nilimwambia Kessel peke yake. Lakini leo, kwenye kahawa baada ya ibada, Signe, mke wa Harlan, alisimama na kikombe chake katikati ya ukumbi na watu wakapita kando yake kama maji yanavyopita jiwe. Ottilie Maas akasema kwa sauti ya kusikika, "Wengine mwaka huu watapata trekta jipya." Harlan alikuwa ameketi, anatazama mbele, kama hakusikia. Au alisikia. Mimi nilikwenda kuosha vikombe.

Jumatano, 3 Desemba

Nyuzi joto thelathini chini ya sifuri. Bomba la jikoni limeganda.

Jumamosi, 6 Desemba

Nimesikia redioni hesabu ambayo Kessel hakunipa. Haines ana majimbo ishirini na manne Barazani. Ruark ana ishirini na matatu. Matatu yamegawanyika nusu kwa nusu. Yaani hakuna mwenye ishirini na sita. Mtangazaji akasema Baraza linaruhusiwa kuchagua kati ya watu watatu wa kwanza kwa kura za wajumbe, lakini mwaka huu watakaopata kura ni wawili tu. Kisha likaja tangazo la mbolea.

Kwa hiyo "tuko vizuri" ilikuwa uongo. Nani mwingine ananidanganya?

Alhamisi, 11 Desemba

Nimekwenda kwa Harlan mwenyewe, na karata mfukoni. Nilimkuta mezani na barua mbele yake. Aliposikia hatua zangu akaigeuza kifudifudi na kuiwekea mkono juu.

"Nani huyo?"

"Nani huyo! Umenisahau sura?"

"Aa, Mama Mizani. Karibu. Leo karata sitaweza."

"Harlan, Jumatatu utaandika nani?"

Alicheka, lakini si kicheko chake. "Niliahidi nani?"

"Haines."

"Sasa unauliza nini?"

"Gari la buluu ni la nani?"

Signe aliyekuwa kwenye jiko akaacha kukoroga supu. Harlan akasema taratibu, "Adeline, nenda nyumbani. Barabara inateleza."

Nimerudi. Barabara haikuwa inateleza.

Jumatatu, 15 Desemba

Nitaandika yote kwa mfuatano, maana najua nitakuja kuulizwa.

Nilikwenda mji mkuu na gari la Kessel. Harlan na Signe walikuja na gari la buluu. Ndani ya jengo la bunge la jimbo kulikuwa na kamera nyingi kuliko watu. Tulikaa watatu kwenye meza moja ndefu: Tschetter kulia kwangu, Harlan kushoto. Ofisa akasoma sheria, tukala kiapo, tukagawiwa karatasi mbili mbili, moja ya rais na moja ya makamu. Kura ni ya siri. Unaandika jina, unakunja, unatumbukiza kwenye sanduku la mbao.

Mimi niliandika Haines na kukunja. Tschetter aliandika huku amekinga karatasi kwa mkono, kama mwanafunzi anayeogopa kuigwa. Nikamgeukia Harlan. Nakiri, niligeuka kwa kupeleleza. Yeye alikuwa ameinama mpaka pua inakaribia meza, anaandika polepole mno. Kisha akafanya jambo ambalo sikulitarajia. Aliisukuma karatasi kuelekea kwangu, ikiwa wazi, akaninong'oneza:

"Adeline. Nimeandika juu ya mstari, au nimetoka nje?"

Herufi zilikuwa kubwa kama za mtoto, zinapanda kilima. H-A-I-N-E-S. Ile S ya mwisho ilikuwa imetoka nje kabisa ya mstari, lakini inasomeka.

"Inasomeka," nikamwambia.

"Na hii nyingine?"

Ya makamu nayo ilikuwa sawa. Akazikunja kwa vidole, akipapasa kingo. Ndipo nikajua. Haoni. Harlan haoni, na mimi jirani yake nilikuwa napima kila kitu chake isipokuwa macho.

Ofisa akafungua karatasi za rais. Ya kwanza: Haines. Ya pili: Haines. Ya tatu aliitazama, akaigeuza, akaitazama tena.

"Amory."

Jaji Amory! Mzee aliyestaafu, wa chama chetu, hakugombea chochote. Kamera zikaanza kumeta. Na kabla mtu hajavuta pumzi, Tschetter alikwishasimama, amemnyooshea Harlan kidole mbele ya nchi nzima.

"Mzee, umefanya nini?"

Harlan alisema, "Mimi?" Neno hilo tu.

Na mimi nilijua. Karatasi ni tatu. Moja yangu, moja niliisoma kwa macho yangu, hesabu ya mtoto wa darasa la kwanza. Lakini kura ni ya siri na nilikuwa nimekula kiapo, na kamera zilikuwa usoni, na ulimi wangu ulikuwa mzito kama gunia. Wakatuletea cheti: Haines mbili, Amory moja. Tukasaini wote watatu. Ofisa ndiye aliyeuongoza mkono wa Harlan mpaka kwenye nafasi yake.

Wakati wa kurudi Kessel alikuwa anapiga mluzi. Sijawahi kumsikia akipiga mluzi.

Jumanne, 16 Desemba

Magazeti yote yana picha ya Harlan mdomo wazi.

Jumatano, 17 Desemba

Nimekwenda kwao. Signe alinizuia mlangoni.

"Gari la buluu ni la mpwa wangu, amelinunua Oktoba. Anampeleka hospitali ya macho kila wiki. Barua uliyoiona ni ya daktari. Kuna kingine ulitaka kujua?"

"Kwa nini hamkusema, Signe?"

"Tuseme ili iweje? Wakijua haoni, kabla ya masika wanunuzi watakuwa wamejipanga kwenye uzio wanapima shamba kwa hatua. Alitaka apande ngano mara moja zaidi." Akaanza kufunga mlango. "Juzi wamegonga sanduku letu la barua kwa gari wakaling'oa. Ulisikia?"

Nilikuwa nimesikia. Nilidhani ni gari la kufagia theluji.

Ijumaa, 19 Desemba

Nimekwenda ofisini kwa Kessel. Safari hii hakuvua kofia.

"Aliyemwandika Amory ni Tschetter," nikasema.

"Kura ni ya siri, Bi Adeline."

"Niliiona ya Harlan."

"Basi ulivunja sheria. Usirudie kusema hivyo." Akanikaribisha peremende. Nilikataa. Akashusha pumzi kama mtu anayeeleza mtoto. "Sikiliza. Haines hafikishi ishirini na sita. Hafikishi hata tukipiga kura mpaka Pasaka. Amory anafikisha, wote wanamheshimu. Lakini Baraza haliwezi kumgusa mtu asiye na kura hata moja ya mjumbe. Ilihitajika moja tu. Sisemi nani. Nasema nchi ilihitaji mlango, na mlango umefunguliwa."

"Na Harlan?"

"Watu watauliza nani aliufungua. Haines ana marafiki wenye hasira. Lazima awepo mtu." Akatabasamu. "Na jibu ulilitoa wewe mwenyewe, tangu Novemba. Namba ya gari na kila kitu."

Hakunituma nimsafishe Harlan. Alinituma ili jirani mwaminifu, mwenye sifa ya mizani, aonekane amemtilia shaka kwanza.

Nilisimama. Akasema nyuma yangu, "Ukisema, nani atakuamini? Umekaa kimya siku nne."

Jumapili, 21 Desemba

Sikwenda kanisani.

Jumatatu, 22 Desemba

Nimeandika barua kwa gazeti la wilaya. Nimeichana mara tatu. Ya nne ni hii, nainakili hapa:

"Mimi, Adeline Schaible, niliona karatasi ya Harlan Odegaard kabla haijakunjwa. Aliandika Haines. Mimi pia niliandika Haines. Anayejua kutoa moja na moja kwenye tatu ataelewa. Kama kuona kwangu ni kosa, mahakama inajua ninakoishi. Tena: habari za gari la buluu nilizipeleka mimi, zilikuwa za kipumbavu, na mtu niliyempelekea alijua hivyo. Nilinyamaza siku saba. Hilo ni langu peke yangu."

Joyce, nilipomsomea kwa simu, alilia. Kisha akaniuliza kama nimefunga milango.

Jumamosi, 27 Desemba

Imechapishwa ukurasa wa kwanza. Tschetter amesema redioni kwamba mimi ni bibi mzee aliyechanganyikiwa kwa huzuni ya mume. Emil alikufa miaka tisa iliyopita. Ottilie Maas ameniletea keki tena, ameibwaga mezani. "Kuhusu lile la trekta," amesema, "nani nimwombe radhi, Signe au yeye?" Nikamwambia wote wawili, kila mmoja na keki yake.

Jumapili, 28 Desemba

Nusu ya kanisa wamenisalimia. Nusu nyingine ndio waliokuwa wakinisalimia mwezi uliopita.

Jumanne, 6 Januari

Wamefungua bahasha za majimbo huko Washington na kuzisoma moja baada ya nyingine kwa mpangilio wa alfabeti. Jumla: Ruark 269, Haines 268, Amory 1. Ile moja yetu ilinguruma redioni kama pipa tupu. Makamu nao wamefungana. Huyo Seneti itachagua. Baraza limeanza kupiga kura ya rais kwa majimbo. Raundi ya kwanza: Haines 24, Ruark 23. Ya pili vile vile. Ya tatu vile vile.

Jumatano, 7 Januari

Raundi ya kumi na moja. Vile vile. Theluji imefika madirishani.

Alhamisi, 8 Januari

Raundi ya kumi na tisa, yale majimbo matatu yaliyogawanyika yakaenda kwa Amory. Raundi ya ishirini na mbili, majimbo ya Haines yakaanza kumfuata. Raundi ya ishirini na sita, Amory akapata majimbo ishirini na sita. Tuna rais. Labda atakuwa mzuri. Wanasema ni mtu mwadilifu, na inawezekana hajui lolote. Nilizima redio nikafagia kibaraza.

Ijumaa, 9 Januari

Alasiri niliona mtu anakuja kwa miguu katikati ya barabara, fimbo mbele yake inagonga ukuta wa theluji kulia na kushoto. Harlan, peke yake. Nilitoka bila koti.

Aliketi jikoni. Sikujua nianzie wapi, nikasema, "Nilimpa Kessel namba ya gari. Mimi ndiye."

"Najua."

"Umesoma barua?"

"Signe alinisomea. Lakini nilijua kabla. Kessel alikuja kuniambia mwenyewe, tangu Novemba. Alitaka nijiuzulu kwa aibu. Akasema, hata Adeline hakuamini."

Birika likaanza kulia. Sikulitoa.

"Ulijua siku ya kura? Ulijua, na karatasi ukanipa mimi?"

"Ningempa nani, yule wa meno?" Alitafuta kikombe kwa vidole, nikamsogezea. "Nilitaka kuwa na uhakika nimeandika sawa. Wewe ulikuwa unatafuta kosa. Mtu anayetafuta kosa husoma vizuri."

Nililia. Aliniacha nilie mpaka mwisho, hakuniambia nyamaza.

"Sijakusamehe," akasema kisha. "Nisikudanganye. Signe ndiyo kabisa. Lakini mpwa wake amerudi kazini, Signe haendeshi kwenye barafu, na Jumatano saa mbili wananipasua jicho la kulia. Nahitaji dereva."

"Nitakuja saa kumi na mbili."

"Njoo kumi na moja na nusu. Usigonge, Signe atakuwa amelala."

Jumatano, 14 Januari

Maili tisini kwenda. Upepo ulikuwa unavusha theluji barabarani, mahali pengine hata mimi nilikuwa naona kwa kubahatisha. Tulikwenda maili thelathini. Kisha akauliza, "Tuko wapi?"

"Kwa akina Hieb."

"Ghala lao jekundu bado limesimama?"

Nilitaka kumwambia ndiyo, kumpendeza. Nikapunguza mwendo, nikatazama vizuri.

"Paa limeingia ndani upande wa kaskazini," nikamwambia. "Kuta bado."

Akaitikia kwa kichwa. "Endelea," akasema, na nikamweleza kila kilichokuwa mbele yetu, nyumba baada ya nyumba, mpaka hospitali.